Tensheni ya taiming cheni kutoka Mwanjelwa: nimeifunga mwenyewe nyumbani, naipa nyota nne

Kwa wenye pikipiki za siisii 150 hapa Mbeya ambazo asubuhi ukipiga kiki inawaka na kelele ya kraa kraa kraa halafu ikipata moto inatulia, hii inawahusu. Taiming cheni ni ile cheni ya ndani ya injini inayozungusha camshafti, shafti inayofungua valvu, na tensheni ni kile kifaa kinachoikaza. Yangu ilikuwa ivo ivo na baridi letu la mwezi wa sita na wa saba ndo likawa linazidisha, na hata ikishapata moto ukishuka mteremko wa Iwambi ukaachia resi inaanza tena kuchakarika.

Kabla ya kwenda dukani nilisikilizia kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini mpini sikioni. Tapeti (kile kinachosukuma valvu) ikilegea inagonga tik tik kwa mpangilio, cheni ya taiming ikilegea haina mpangilio kabisa, inakwaruza na kupiga ubavuni mwa silinda. Hii tofauti ishikeni sana kwa sababu vijiweni wengi wakisikia kelele tu wanakaza tapeti, na tapeti ikikazwa kupitiliza valvu haikai vizuri, mwisho inaungua, yani unatibu mguu unaua jicho.

Sasa duka. Ni kibanda cha spea za pikipiki pale Mwanjelwa, kidogo, kimebanana, anauza dada mmoja na huyu dada anaijua kazi. Mbele yangu kulikuwa na kijana wa boda anataka tensheni ya pikipiki yake ya Kichina, dada akamuuliza injini ni ya fito au ya cheni, kijana akasema ya fito, akamwambia "basi mdogo wangu hiyo haina taiming cheni, kelele yako iko kwingine, usinipe hela." Ni kweli kabisa, injini za fito camshafti iko chini na valvu zinasukumwa na fito, hakuna cheni ya kukaza pale. Angeweza kumuuzia kitu chochote na hakufanya, mimi hapo hapo nikajua nimefika.

Zamu yangu akaniuliza, "Kaka, ya zamani umekuja nayo?" Nilikuwa nayo mfukoni. Akaifuta oili, akaibonyeza kile kidole cha chuma kwa dole gumba na kikaingia ndani bila ubishi. Akasema hii meno yake yameisha, kazi ya tensheni ni kutoka tu, ikishatoka isirudi, hii cheni ikivuta yenyewe inarudi nyuma. Halafu akaniambia cheni nisinunue, cheni yenyewe ingekuwa imerefuka ndo ningetakiwa kununua cheni na zile reli za plastiki zinazoiongoza, tensheni peke yake ingekuwa kutupa hela. Muuzaji anayekwambia usinunue cheni, jamani, ni wa kumshika.

Akaleta mbili, moja ya kwenye boksi moja ya kwenye nailoni bei nusu, akaniachia nizibonyeze zote. Ya nailoni ukiibana kwa nguvu inarudi jino moja. Ya boksi ikatoka ka ka ka ikasimama, hata ubonyeze vipi haiendi. Akazipanga na ya zamani kulinganisha urefu na matundu ya bolti, nikalipa, risiti nikapewa bila kuomba.

Kufunga nyumbani siyo kazi ya kutisha ila ina utaratibu na hapa tusiruke. Toa plagi injini izunguke kirahisi, fungua kifuniko cha kuchungulia magneto, zungusha mpaka alama ya T ya kwenye magneto ikae sawa (siyo F, ile ni ya plagi kutoa cheche) na tapeti zote mbili ziwe zinacheza, hapo pistoni iko juu na valvu zote zimefungwa. Ndo ufungue tensheni kwa nyuma ya silinda. Ikishatoka usizungushe injini wala usiguse kiki, cheni haina kinachoishika, ikiruka jino taiming imeenda na valvu inaweza kukutana na pistoni. Kwangu ilikaa wazi muda wote niko Mwanjelwa, nikawaambia watoto hakuna kuigusa.

Gasketi ya zamani ikwangue taratibu na uzibe tundu kwa kitambaa vipande visidondoke ndani. Tensheni mpya achia kifungio kinachoshika meno, irudishe kidole ndani kwanza ndo uifunge, ikishakaa ndo uiachie ijikaze yenyewe. Na kama ulilegeza bolti nusu ukaghairi, usizikaze tu hivyo, kidole kitakuwa kimeshatoka zaidi na cheni itabanwa kupita kiasi, itoe yote uirudishe upya. Bolti zenyewe ni ndogo na zinaingia kwenye alumini, kaza kwa spana fupi, ukitumia nguvu zote unakula nyuzi. Kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa uelekeo wake wa kawaida, rudi kwenye T, hakikisha alama za sproketi ya juu zimekaa, ndo uwashe.

Iliwaka na kelele haipo. Asubuhi ya baridi kali imekaa kimya, kule Iwambi nikiachia resi kimya, kwa kweli nimefurahi mno, injini imekuwa laini mpaka raha.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya gasketi iliyokuja ndani ya boksi, ni karatasi nyembamba mno na ilianza kuchanika naitoa tu, nilitumia nyingine ya karatasi nzito niliyoikata mwenyewe. Pia boksi halina maelezo hata mstari mmoja, na mtu anayefanya mara ya kwanza asipojua kurudisha kidole ndani ataharibu. Dada mwenyewe nilipomwambia habari ya gasketi hakubisha, akanipa nyingine nzito bure niweke akiba. Ndaga fijo dada (asante sana kwa Kinyakyusa).

Mkienda bebeni ya zamani, na nendeni asubuhi, mchana boda wanajaa pale hata pa kusimama hakuna.