Potwe wa Mafia kwa mtu wa Mwanza: huduma nzuri, ratiba mbovu

Kwanza tuelewane: kuzamia tunakozungumzia hapa ni kwa mtungi mgongoni, si kule kwa kujificha melini. Tunapima safari ya Kisiwa cha Mafia ya siku tatu au nne kwa mtu anayeanzia Mwanza, yaani kuogelea na papa potwe upande wa Kilindoni na kuzamia kwenye miamba ya upande wa Utende. Kazi ya majini tunaipa nane kwa kumi. Ratiba inayopangwa mara nyingi, potwe mwanzoni na mtungi mwishoni, tunaipa tatu. Kilichoiharibu ni nitrojeni, gesi iliyo nyingi kwenye hewa tunayovuta.

Ukivuta hewa ya mtungi chini ya maji, nitrojeni huyeyuka ndani ya damu na misuli, kisha hutoka polepole baada ya kuibuka. Ukipanda juu angani kabla haijatoka, inafanya povu kama soda iliyofunguliwa ghafla: maungio yanauma, ganzi, kizunguzungu, na hali ikiwa mbaya, kupooza. Ndiyo maana kabla ya ndege unasubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 ukizamia mara kadhaa. Mkazi wa Dar es Salaam akishafika kwake yuko usawa wa bahari. Wewe unarudi kwenye mji ulio mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Basi nalo halikuokoi, maana ukifika Dodoma tu umeshapanda zaidi ya mita 1,000. Kuzamia mchana na kupanda basi la usiku ni kosa lilelile, tofauti ni nauli.

Dawa ni kugeuza ratiba. Anza na mtungi Utende, malizia na potwe. Kwa potwe huvai mtungi. Unaelea juu kwa miwani, mrija na mapezi ya miguuni, unavuta hewa hiihii ya kawaida. Asubuhi potwe, jioni ndege, hakuna neno.

Potwe wenyewe hawadai ushujaa. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni uduvi na vijidudu vya majini anavyovichuja huku mdomo wazi. Kilindoni wengi ni madume ambao hawajakomaa. Mwenye mita sita ni sangara watatu wakubwa waliopangwa mkia kwa kichwa. Msimu ni Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Maji yatakuwa ya kijani yenye ukungu, na wageni wengi hulalamika kwamba si kama kwenye picha. Malalamiko hayo hatuyakubali. Ukungu huo ndio chakula chenyewe. Maji yakiwa meupe kama kioo, potwe hana alichofuata hapo.

Nahodha mzuri hamkimbilii samaki. Anapita mbali, anasimama mbele ya njia yake, injini anaiweka huru, na nyinyi mnateleza majini bila kurusha maji. Kaa ubavuni, mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, kwa sababu mkia ule ukikupiga ni kama ubao wa mtumbwi. Usimguse, usimulike taa ya kamera. Akizama, mwache, hurudi juu mara nyingi, na anayemfuata chini huwafukuzia wenzake wote. Kosa la kawaida ni kupiga miguu kwa magoti kama unaendesha baiskeli: dakika mbili pumzi imekwisha na samaki ameshapita. Teke lianzie nyonga, mguu umenyooka. Jizoeze kwenye bwawa la hoteli Mwanza wiki mbili kabla, si ziwani, kichocho kipo.

Huduma ya mtungi Utende ndiyo inayomtia mtu wa ziwa mitihani. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bwawa kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa ana kilo 100 anaongeza kama kilo mbili na nusu za vipande vya madini ya risasi kwenye mkanda wa kumzamisha. Asipoongeza, mwanzoni hazami. Kibaya zaidi ni mwishoni: mtungi ukipungua kutoka baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) hadi 50 umepoteza kilo mbili za hewa, naye anapaswa kutulia mita 5 kwa dakika tatu ili nitrojeni ipungue, lakini bahari inamsukuma juu. Kipimo ni rahisi. Mtungi ukiwa umebaki na baa 50 hivi, toa hewa yote kwenye koti la kuelea, shika nusu pumzi. Maji yakifika usawa wa macho, uzito umetosha.

La pili ni maji kujaa na kupwa, jambo ambalo ziwani halipo. Kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, upande huohuo wa Utende, maji ya Ghuba ya Chole huingia na kutoka kwa nguvu, na yakitoka yanakuvuta bahari kuu. Unazamia yakijaa au yakiwa yametulia, na saa hiyo husogea karibu dakika 50 kila siku. Anayeanza aepuke siku za bamvua, mwezi mwandamo na mpevu. Achague maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kulipa tiketi.

Masikio: bana pua, puliza taratibu kila mita kuanzia juu kabisa, usingoje yaume. Ukiwa na mafua, usizame. Asiye na cheti hushushwa na mwalimu hadi mita 12 tu, na panamtosha: kuna samaki kama chewa, taa na mkunga, kuna na kasa. Papa wanaowinda ni bahati nasibu, asikuuzie mtu.

Mawimbi ya bahari ni marefu, hayana vishindo vya ziwa letu, na hata mzoefu wa boti za Ukerewe hutapika. Meza kidonge cha kuzuia kichefuchefu saa moja kabla. Vaa fulana ya mikono mirefu inayobana, jua na viwavi vya baharini vinachoma. Beba kitambulisho cha NIDA, ada ya hifadhi kwa raia ni nafuu.

Kabla ya kutuma malipo ya awali uliza matatu: boti ina ngazi ya kupandia? Kuna oksijeni ya dharura ndani ya boti, au imebaki hotelini? Mwalimu mmoja anashuka na wanafunzi wangapi? Wakijibu zaidi ya wanne, tafuta wengine.