Maabara iliyokataa damu ya mama yangu: tathmini kutoka Mwanga, Kigoma

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikimpeleka mama, mwenye umri wa miaka 71 na kisukari cha siku nyingi, kupima damu katika maabara moja binafsi ya Mwanga hapa Kigoma. Jina la maabara silitaji, kwa kuwa nina manung'uniko nayo pia.

Nilihamia pale baada ya kuudhiwa kwingine, ambako damu ya mama ilitiwa katika kichupa cha kawaida chenye kifuniko chekundu, ikakaa mezani tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, na sukari ikatoka chini kiasi cha daktari kutaka kumpunguzia dawa. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, hivyo nilishuku: chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, na katika joto la kawaida la chumba hupotea takriban asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa, sembuse joto letu la Kigoma. Kipimo kiliporudiwa kesho yake, ilionekana hakuna dawa ya kupunguza. Mashine haikuwa na hatia. Kosa lilikwisha kufanyika kabla damu haijaifikia, na huko ndiko makosa mengi ya maabara yanakotokea.

Pale Mwanga umakini huanzia huko huko. Mtaalamu husema, "Shikamoo bibi, naomba unitajie majina yako matatu," wala hamuulizi kama yeye ni fulani, kwani mzee asiyesikia vizuri huitikia "ndiyo" kwa jina lolote. Damu ya sukari huingia kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho kina dawa ya kuzuia chembe kula sukari, na lebo hubandikwa mbele yetu baada ya damu kutolewa. Safari ya pili waliikataa sampuli ya kupima potasiamu, moja ya madini ya damu, kwa sababu chembe zilipasuka wakati wa kuchota, jambo linalopandisha majibu kwa uongo. Mama alichomwa tena, akanuna, mimi nilifurahi.

Ukutani pana bango la Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, yaani hatua tano za kupanga na kutunza mahali pa kazi, ambalo liko katika hospitali nyingi nchini tangu utaratibu huo ulipoanza kutumika katika hospitali ya Mbeya mwaka 2007. Kwingi nilikopita, hiyo Shikilia ndiyo hufifia mapema, pamoja na wino wake. Hapa kila chupa ya kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, ina tarehe ya kufunguliwa, na kando ya jokofu ipo chati ya Levey-Jennings, inayoonyesha kila asubuhi kama sampuli ya udhibiti, ambayo kiwango chake kinajulikana, imeangukia ndani ya mipaka.

Mwezi uliopita nukta ilivuka mpaka, nao wakasitisha vipimo, kama inavyopasa. Lakini tulikaa kwenye benchi saa moja na nusu bila kuambiwa neno, mama akiwa hajala tangu usiku. Sababu niliijua kwa kuchungulia dirishani. Kiwango cha ISO 15189, yaani kile cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, ambacho toleo lake la 2022 linasisitiza hatari zinazoweza kumpata mgonjwa, hakiishii kwenye mashine, na kumwacha mwenye kisukari na njaa bila taarifa ni hatari ya wazi.

La pili ni kwamba majibu bado hunakiliwa kwa mkono kutoka kwenye mashine. Siku moja 8.4 iliandikwa 4.8. Nilipoonyesha, walisahihisha papo hapo, wakaomba radhi na kuingiza kosa katika daftari la hitilafu. Safari iliyofuata nilikuta fomu ile ile ikijazwa kwa kalamu ile ile, bila mtu wa pili wa kuhakiki. Kosa liliandikwa, chanzo chake hakikuguswa.

Bei yao inazidi ya wengine kwa shilingi 2,000, nami nalipa bila kinyongo. Nawapa nyota nne kati ya tano. Tutarudi Jumatatu ijayo, na safari hii nitabeba chai ya mama kwenye chupa, anywe mara tu sindano ikichomolewa.