Pentax K1000: mshale wa kipimamwanga unaona nini hasa?

Habari zenu, karibuni mezani. Leo tuna Pentax K1000, kamera ya filamu iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Umbo lake tuliache, lenzi tuiache. Tunachambua kitu kimoja tu: kipimamwanga chake. Watu wengi wanainunua, wanapiga roli la kwanza, nyuso zinatoka nyeusi tii, kisha wanaitangaza kuwa mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Mshale ndio haujaeleweka.

Weka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia. Upande wa kulia kuna mshale. Ukipanda kuelekea alama ya kujumlisha, mwanga umezidi. Ukishuka kuelekea alama ya kutoa, haujatosha. Zungusha kasi ya shata (muda ambao filamu inapata mwanga) au tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga), unaona unavyocheza. Ukitulia katikati, kamera inakwambia sawa.

Sawa kwa kipimo gani? Hapo ndipo penye kazi. Pembeni mwa kidirisha cha kutazamia, kwa ndani, zimo seli mbili za kadmiamu salfaidi, CdS. Mwanga ukizidi, ukinzani wa seli unapungua, umeme unapita kwa wingi, mshale unapanda. Seli haijui huu ni uso na ile ni kanzu. Inachukua mwanga wa fremu nzima, inapata wastani, halafu inauchukulia wastani huo kuwa kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Nikon FM2, kamera nyingine ya filamu, inatoa uzito wa asilimia 60 kwa duara la milimita 12 katikati ya fremu. K1000 haina upendeleo huo. Kipande cha mbingu pembeni kinahesabiwa sawasawa na mtu unayempiga.

Sasa mweke bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa. Mshale unaruka juu. Unafunga tundu mpaka utulie katikati, unabonyeza. Kanzu inatoka kijivu, uso unazama gizani. Kinyume chake, buibui jeusi likijaza fremu, kamera inalazimisha mwanga mwingi mpaka jeusi linapauka.

Kwa hiyo shikeni hili, hata kama linaonekana kinyume: kwenye weupe ongeza mwanga, kwenye weusi punguza. Mchanga mweupe kama wa Paje, Zanzibar, ukijaza fremu adhuhuri, fungua stopu moja na nusu hadi mbili juu ya ulichokupa mshale. Buibui, funga moja hadi mbili. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu: kuongeza ni tundu kutoka f/11 kwenda f/8 (namba ndogo ni tundu kubwa), au shata kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kiganja. Kinyooshe kwenye mwanga uleule unaompiga mtu wako, kisogelee kijaze fremu bila kukitia kivuli cha kamera, soma mshale, kisha fungua stopu moja. Kiganja kinang'aa kuliko kijivu cha kati kwa kiasi hicho hivi, na viganja vya watu havitofautiani sana hata rangi za ngozi zikitofautiana. Ukishapanga, rudi nyuma, piga, na usiuguse tena mpangilio hata mshale ukipiga kelele. Hapo wengi wanashindwa: wanapima vizuri, wakirudi nyuma wanaona mshale umehama, wanaurekebisha, wanaharibu kila kitu.

Mtu akiwa na jua mgongoni, kiganja kielekee kamera, kwenye kivuli kilekile cha uso wake.

Seli za CdS huchelewa kidogo kuitikia mwanga unapobadilika. Ukitoka kuielekeza kamera kwenye mwanga mkali ukaingia chumbani, subiri sekunde kadhaa kabla ya kuuamini mshale. Na kamera ikiwa kwenye stendi bila jicho lako, ziba kidirisha cha nyuma wakati wa kupima, kwa sababu mwanga unaoingilia huko unazifikia seli na kukudanganya. Kwenye giza usitegemee mengi: kwa filamu ya ASA 100 (ASA ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) na lenzi ya f/1.4, mwisho wake ni robo sekunde.

Kabla ya kununua iliyotumika, ijaribu hivi. Jua la adhuhuri, mbingu safi, ASA 100, shata 1/125, tundu f/16. Ielekeze kwenye majani mabichi yanayopigwa na jua, bila mbingu ndani ya fremu. Mshale uwe karibu na katikati. Ukionyesha stopu moja ya ziada, na kosa hilo likajirudia kila mahali, linatibika: inua pete ya nje ya gurudumu la kasi ya shata, punguza ASA kwa nusu, filamu ya 400 iwekee 200. Mshale ukirukaruka au ukiganda, muuzaji apunguze bei, lakini si lazima uikatae, maana shata yenyewe ni ya kimakanika na inafanya kazi hata bila betri.

Betri ni moja, LR44 au SR44. Chagua SR44, volti zake hazishuki polepole. K1000 haina swichi ya kuzima kipimamwanga. Ukimaliza kupiga, rudisha kifuniko cha lenzi. Kamera ikikaa wazi mezani kwenye mwanga, betri inaliwa.