Kinafuta nusu, kinasema kimemaliza: uzoefu wangu na kivinjari kwenye kompyuta za steshenari

Kwa mtu anayetumia kompyuta yake peke yake nyumbani, kivinjari hiki (browser, programu ya kufungulia tovuti) ni kizuri na sina ugomvi nacho. Ni chepesi, kinafungua hata ile mifumo mizito ya serikali, na mtandao ukisuasua kinajikongoja mpaka ukurasa unafunguka. Lakini mimi nina steshenari hapa Morogoro, upande wa Msamvu, na kompyuta zangu zinakaliwa na watu wasiojuana kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Kwangu mimi kazi ya kwanza ya kivinjari ni kusahau. Na hapo ndipo kinaposhindwa.

Jina lake sitalitaja. Vivinjari vingi vya siku hizi vimejengwa juu ya injini moja, na mengi ya haya nitakayoeleza utayakuta hata kwa ndugu zake. Soma, halafu kakague cha kwako.

Anayekuja kwangu haji kusoma habari. Anakuja kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, kutuma maombi Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), kuprinti slipu ya mshahara iliyotumwa kwenye barua pepe. Yaani anaweka mezani kwangu maisha yake yote: jina, namba ya simu, namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa), vyeti, wakati mwingine na akaunti ya benki. Akiinuka kwenye kiti anaamini ameondoka navyo. Ndiyo maana tangu nilipoweka kivinjari hiki niliingia kwenye mipangilio nikawasha ile swichi ya kufuta vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta ili ikukumbuke) na data ya tovuti kila kinapofungwa. Imeandikwa wazi, haina masharti pembeni. Nikaiwasha mashine zote.

Siku moja mama mmoja, mwalimu, alikaa kwenye mashine ya kona afungue barua pepe yake. Alipoandika anuani ya tovuti, likafunguka moja kwa moja sanduku la mtu mwingine, kijana aliyekuwa amekaa pale kabla ya adhuhuri. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa benki. Yule mama akaondoa mikono kwenye kibodi, akaniita: "Mwanangu, hii si yangu, njoo uitoe." Namshukuru mpaka leo, maana wapo ambao wasingeniita. Na yule kijana nilimwona kwa macho yangu akifunga dirisha kabla ya kulipa na kuondoka.

Ilibidi nichunguze. Nilichokuta ni kwamba ukibofya ule msalaba wa juu kulia, dirisha linaondoka lakini programu yenyewe inabaki hai. Kuna mpangilio mwingine, uliowekwa ukurasa tofauti kabisa, unaoruhusu kivinjari kuendelea kufanya kazi chinichini hata madirisha yote yakifungwa, na kwangu ulikuja ukiwa umewashwa tayari. Ukifungua orodha ya programu zinazoendelea kwenye Windows, jina lake unalikuta palepale. Kwa hesabu zake hakijafungwa, na kama hakijafungwa, lile agizo la kufuta kinapofungwa linasubiri saa ambayo haifiki. Swichi mbili zinapingana, na hakuna sehemu yoyote inapokuonya kwamba hii inaiua ile.

Halafu kuna umeme. Mashine isiyo na UPS (betri ya dharura) umeme ukikatika inazimika papo hapo, na kivinjari hakipati nafasi ya kufuta chochote. Ukirudi, kinakuuliza kwa upole kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Mteja mpya aliyekaa pale anabofya ndiyo, maana ndicho kitufe kikubwa, na kurasa zinarudi zikiwa na akaunti za watu ndani yake. Kampuni inayotengeneza programu ya kutumika dunia nzima inajua kwamba umeme hukatika. Ilipaswa kufuta mara tu programu inapowashwa tena, kabla haijaonyesha ukurasa hata mmoja.

Nikaamua basi nifute kwa mkono kila mteja anapoinuka. Hapa nako pana mitego. Kile kisanduku cha kufuta data ya kuvinjari kinapofunguka, muda uliochaguliwa ni saa moja iliyopita. Mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo, mfumo ukiwa umezidiwa na waombaji nchi nzima, anaweza kukaa saa tatu. Ukibofya futa bila kubadilisha muda, utakuwa umeacha nyuma sehemu kubwa ya alichofanya. Ukichagua muda wote, bado vimewekewa alama vitu vitatu tu: historia, vidakuzi, na picha na faili za akiba (cache, nakala za kurasa zilizofunguliwa). Manenosiri na taarifa za kujaza fomu viko kwenye kichupo (tab) cha pili ambacho hakuna mteja anayekifungua, na havina alama.

Hizo taarifa za kujaza fomu ndizo zilizoniuma kuliko vyote. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Sasa fikiria binti anajaza yake. Akiandika 2005 tu, chini ya kile kisanduku inashuka orodha ya namba za wenzake waliozaliwa mwaka huohuo, kamili, zimepangwa moja chini ya nyingine. Akienda kwenye kisanduku cha simu akagusa 07, zinashuka namba za simu za watu. Vidakuzi vyote nilikuwa nimefuta, historia ilikuwa tupu, na ukiangalia kwa haraka ungeapa kwamba mashine ni safi. Kumbe imebeba watu wa msimu mzima.

Upakuaji nao ni hivyohivyo. Ukifuta historia ya upakuaji, kinachofutika ni orodha. Faili zenyewe zinabaki kwenye folda: matokeo ya kidato cha sita, barua za ajira, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Hili lina mantiki yake, kwa sababu mtu hatarajii kivinjari kimtupie nyaraka zake, lakini maandishi yaliyopo pale hayamwambii mteja wa kawaida tofauti hiyo.

Na akaunti? Mteja akiingia kwenye barua pepe, kivinjari kinaweza kumvuta aingie na kwenye kivinjari chenyewe, picha yake ikakaa pale kona ya juu. Kuanzia hapo kufuta vidakuzi hakumtoi. Google, watengenezaji wa kivinjari cha Chrome, walilaumiwa sana kwa jambo la namna hii mwaka 2018, toleo la 69 lilipotoka: ulikuwa ukifuta vidakuzi vyote, vile vya akaunti ya Google vinajirudisha ukiwa hujatoka. Watu walipopiga kelele, toleo la 70 likarekebisha. Oktoba 2020 mtayarishaji programu Jeff Johnson akagundua jingine, kwamba hata ukiagiza kufuta kila kitu kivinjari kikifungwa, data za tovuti kama YouTube zilikuwa zinabaki. Google wakasema ni hitilafu na wataitengeneza. Nayataja haya kwa sababu mtu anaweza kudhani muuza steshenari wa Msamvu anaota.

Kidakuzi chenyewe kilianza kwa nia njema. Lou Montulli alikibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha enzi hizo, ili tovuti iweze kukumbuka mteja ameweka nini kwenye kapu lake anapohama ukurasa mmoja kwenda mwingine. Tangu hapo tovuti zimepewa sehemu nyingi zaidi za kuweka kumbukumbu: hifadhi ya ndani, hifadhidata ndogo zinazokaa kwenye diski yako, na programu ndogo za chinichini zinazobaki hata ukurasa ukifungwa. Mwaka 2010 mtayarishaji programu Samy Kamkar alionyesha hatari yake kwa kutengeneza kidakuzi kinachojificha sehemu nyingi kwa pamoja. Ukikifuta pamoja na nakala zake ukasahau moja tu, hiyo moja inazifufua nyingine zote. Kwa hiyo kufuta kidakuzi pekee hakujatosha kwa miaka mingi, na kivinjari kinachojiita cha kisasa hakina kisingizio.

Njia niliyotumia kukagua ni hii, na hata wewe unaweza. Futa kila kitu kwa muda wote, kisha ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya tovuti zilizohifadhi data kwenye kifaa chako. Inapaswa kuwa tupu. Kwangu yalikuwa yamebaki majina kadhaa, kila moja na kilobaiti zake mbele. Lazima niwe mkweli kwa kivinjari: baadhi ya majina hayo hayana hatia. Ule ukurasa wa mwanzo wenye kisanduku cha kutafutia unaweza kuandika vidakuzi vipya sekunde ileile unapofuta, na ukiacha kichupo chochote wazi, tovuti iliyomo inaandika upya kabla hujapepesa macho. Funga vichupo vyote kwanza, ubaki na ule wa mipangilio peke yake. Ila nilipofanya hivyo bado kulikuwa na tovuti mbili ambazo hakuna aliyezifungua siku hiyo, na hazikutoka mpaka nilipobofya kipipa cha taka mbele ya kila moja. Hilo siwezi kulitetea.

Jambo jingine ambalo nawaambia wateja wangu wote sasa: bofya Toka kwenye tovuti yenyewe kabla ya kuinuka. Kufuta kidakuzi ni kama kutupa ufunguo mmoja wakati kitasa ni kilekile; kama kuna nakala imebaki mahali, mlango utafunguka. Unapobofya Toka, seva nyingi (kompyuta za tovuti husika) zinakata kule kuingia kwako upande wao, na hapo hata kivinjari kikisahau kufuta, kilichobaki hakina nguvu. Wazee wengi hawakuwa wanalijua hili. Nikimwambia, "Mzee, shikamoo, kabla hujafunga gusa hapa kwanza," anagusa, na siku nyingine anakumbuka mwenyewe.

Hali fiche (incognito, dirisha lisilohifadhi historia) nilijaribu pia. Inasaidia, lakini ina kasoro ambayo watu wa steshenari na wa intaneti kafe wanapaswa kuijua: madirisha yote ya hali fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia kumbukumbu moja. Mteja wa kwanza akishusha dirisha lake chini bila kulifunga, wa pili akafungua jingine jipya, anakuta akaunti ya mwenzake inafanya kazi. Inafutika pale tu dirisha la mwisho linapofungwa. Kilichonifaa kwenye kivinjari hiki ni hali ya mgeni (guest mode), inayomfungulia mteja kivinjari kitupu kisicho na taarifa za mtu mwingine. Nimeweka njia ya mkato kwenye eneo-kazi inayofungua hali ya mgeni moja kwa moja, nikaondoa ile ya kawaida, nikazima na ule mpangilio wa kufanya kazi chinichini. Hapo orodha ya NIDA ikakoma kushuka. Folda ya upakuaji naisafisha mwenyewe kila jioni, pamoja na pipa la taka.

Mashine nyingine nimeiwekea Firefox, kivinjari kingine, na kuchagua isikumbuke historia kabisa. Mpangilio huo uko sehemu moja, kwa sentensi moja, na tangu niuweke sijakuta jina la mtu wala namba. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba tangu toleo la 85, Januari 2021, wametenganisha akiba ya kila tovuti na nyingine, ili hata ile mbinu ya kujificha kwenye akiba isimfuate mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kasoro yake kwangu ni moja: kuna mfumo mmoja au miwili ya maombi ambayo vitufe vyake havikai sawasawa humo, na mteja mwenye haraka analalamika.

Wenzangu mtaniuliza kwa nini ninahangaika hivi kwa mtu anayelipa shilingi mia tano kuprinti. Kwa sababu tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, yule mama na yule kijana ni majirani zangu. Namba ya NIDA ikiangukia mikononi mwa tapeli, mwenye namba ndiye anayeanza kuzunguka ofisi kwa ofisi. Mtengenezaji wa kivinjari haonekani hapo.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya wepesi wake, nyingine ni ya hali ya mgeni, ambayo inafanya kile ambacho kitufe cha kufuta kilipaswa kufanya. Tatu nimezizuia mpaka muda wa kufuta uanze na muda wote badala ya saa moja, taarifa za kujaza fomu zihamie ukurasa wa mbele, na swichi ya kufuta kinapofungwa ifanye kazi hata umeme ukikatika. Na kikimaliza kufuta, kinionyeshe kilichobaki. Mashine zilizosalia nazihamishia Firefox kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafunguliwa.