Spika za Honi Sebuleni: Boksi Lipi la Besi Linunuliwe Kwanza

Honi, yaani spika inayotoa sauti kupitia mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, ni mchoyo wa umeme na mkarimu wa sauti. Klipsch La Scala, spika ya honi iliyoingia sokoni mwaka 1963, kwa vipimo vya kiwandani hutoa desibeli 105 kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake. Spika nyingi za sebuleni ziko kwenye 87 hadi 90. Shida iko kwenye besi ya chini, inayopimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6, na honi ya kulibeba vizuri haipiti mlangoni. Ndiyo maana La Scala, pamoja na ukubwa wake wote, inaishia karibu na hezi 51, wakati uzi mnene wa gitaa la besi unaanzia hezi 41. Heresy IV ya Klipsch hiyohiyo, yenye honi kwa sauti za kati na za juu lakini wufa (koni kubwa ya besi) ya kawaida, inaishia 48. Ndugu yake Cornwall IV inashuka hadi 34, na mwenye nayo anaweza kusubiri mshahara mwingine kabla ya kununua besi.

Kosa la kawaida ni kuuliza boksi la besi linashuka hezi ngapi bila kuuliza kama litaifikia honi kwa nguvu. Kati ya desibeli 90 na 105 kuna tofauti ya 15, na hiyo ni sawa na umeme mara 32. Honi ikila wati 5 tu ngoma inapopigwa, boksi la desibeli 90 linataka kama wati 160 ili liende nayo sambamba. Amplifaya ndogo itaanza kukoroma hapo, na mwenye nyumba atailaumu honi.

Neno moja kabla ya orodha. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi ukiomba sabufa utapewa seti nzima: boksi moja kubwa na viboksi viwili au vitatu. Hapa tunazungumzia boksi la besi peke yake, lenye amplifaya yake mgongoni.

1. Maboksi mawili yaliyozibwa, wufa ya inchi 12

Hili ndilo chaguo letu kwa sebule ya kawaida ya mita 4 kwa 5, na mawili ya kati yanalishinda moja kubwa la bei ileile. Sababu ni nyumba zenyewe. Kuta za tofali za saruji hazimezi besi, zinairudisha. Urefu wa mita 5 hujenga mwangwi (wimbi linalogonga ukuta na kurudi likijiongezea nguvu) wa hezi 34, upana wa mita 4 hujenga wa hezi 43. Boksi moja likiwekwa konani, aliye kwenye kochi la ukutani anapigwa kifuani na aliye katikati ya chumba hasikii kitu. Ukiweka mawili katikati ya kuta mbili zinazotazamana, yakisukuma pamoja, mwangwi wa kwanza wa kati ya kuta hizo unajifuta. Todd Welti wa kampuni ya Harman alilichambua jambo hili mwaka 2002, na halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Boksi lililozibwa, yaani lisilo na tundu la hewa, pia ni rahisi kuliunganisha na honi, kwa kuwa besi yake hupungua polepole kuelekea chini na kuta huijazia. SVS SB-1000 Pro, wati 325 RMS (nguvu halisi ya kuendelea), ni mfano mzuri wa daraja hili.

Dukani, achana na namba ya PMPO, wati za matangazo, iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Geuza boksi usome fyuzi: fyuzi ya ampea 2 kwenye volti 230 ni wati 460 zinazoingia, kwa hiyo anayekuambia boksi hilo linatoa wati 3,000 anakuuzia karatasi. Soma na volti. Boksi lililotoka Marekani lililoandikwa 115V pekee litaungua siku ya kwanza bila transfoma. Spika za honi zisizo na amplifaya ndani hazina tatizo hilo. Kisha tazama ukingo wa wufa: wa raba unadumu, wa sponji huoza, na hewa ya pwani huuharakisha. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Kwenye boksi lililozibwa sawasawa inarudi kwa uzito kidogo. Ikirudi papo hapo kama ya wufa iliyo wazi, kuna mahali panavuja.

Hakikisha nyuma kuna matundu ya kuingizia waya za spika, si jeki za RCA (zile za mviringo za waya mwembamba) tu, kama amplifaya yako ya stereo haina njia ya besi.

2. Boksi moja lenye tundu, inchi 12 hadi 15

Linafaa chumba kikubwa, au sebule iliyoungana na sehemu ya kulia chakula. Kwa wati zilezile linatoa sauti kubwa zaidi kwenye hezi 20 hadi 30. Liache sentimita 15 au zaidi kati ya tundu na ukuta. Tundu jembamba hupuliza kama mtu anayezima mshumaa, kwa hiyo ulijaribu dukani kwa sauti ya juu. Kasoro yake kubwa ni kwamba liko peke yake: utalipanga kwa ajili ya kochi moja tu.

3. Boksi la ukumbini, inchi 15 au 18

Chaguo la mwenye bajeti ndogo, na kwa honi si chaguo baya hata kidogo, kwa sababu nguvu linayo. Mengi yanaishia hezi 40 hadi 45, kwa hiyo unaongeza kishindo kuliko kina. Amplifaya yake inatarajia mawimbi yenye nguvu kutoka kwenye mixa ya ukumbini, na yanayotoka kwenye RCA ya nyumbani ni dhaifu. Utapandisha sauti na kelele itapanda nayo. Mengine yana feni inayosikika usiku.

4. Besi ya honi iliyokunjwa

Wapenzi wa honi huota hili: honi ndefu ya besi iliyokunjwa ndani ya boksi. Kwa plaiwudi ya milimita 18 unapata boksi la ukubwa wa friji, na fundi seremala asiyefuata ramani kwa milimita atakuletea fenicha. Zaidi ya hapo, sauti ikisafiri mita 2.5 ndani ya honi inachelewa milisekunde 7. Bila kifaa cha kuzichelewesha spika za mbele, kama miniDSP 2x4 HD, besi na spika za mbele zitapishana na kudhoofishana pale zinapokutana.

5. Seti ya sabufa, au kupandisha kitufe cha BASS

Usinunue. Kitufe kinamwongezea wufa wa honi kazi asiyoiweza: chini ya mpaka wa honi hewa haimshikilii tena koni, anapepea tu na kuchafua sauti za juu.

Kuunganisha

Kwa sababu hiyohiyo, kata besi kwenye spika za honi pia, usiishie kuongeza chini. Weka krosova, mpaka wa kugawana sauti kati ya spika na boksi la besi, hezi 80 pande zote mbili. Ukiweka 60, La Scala imeshaanza kulegea na panabaki shimo. Risiva za sinema hukata zenyewe ukichagua spika ndogo kwenye menyu, hata kama spika zako zina uzito wa gunia la saruji.

Keti mahali pako, cheza mlio wa hezi 80 kutoka kwenye simu, mwenzako abadilishe swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa wimbi la besi) kutoka 0 hadi 180. Panaposikika kubwa zaidi ndipo pake. Sauti ya besi anza nayo chini kabisa, pandisha hadi uitambue, kisha rudisha kidogo. Mwenye maikrofoni ya kupimia ya UMIK-1 na programu ya bure ya vipimo vya sauti ya REW atamaliza kwa jioni moja. Tungenunua hiyo kabla ya wufa kubwa zaidi.

Honi ikivuma shiii muziki ukiwa umezimwa, huo ni uchafu wa amplifaya ambao spika za desibeli 88 zilikuwa zinauficha. Likivuma boksi la besi mvumo mnene, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Waya wa ethi usikatwe.

Likitetemeka dirisha, cheza milio ya hezi 30 hadi 60 moja baada ya moja huku ukigusa kila kioo cha luva kwa kidole. Kinachonyamaza ndicho chenye kosa, na kipande cha raba ya tyubu ya baiskeli kwenye kishikio chake kinatosha.