Printa kubwa ya chuo: mashine naisamehe, dirishani sirudi

Nianze kwa kusema na mashine yenyewe sina ugomvi. Huko chini huenda nikabadilika, lakini kwa sasa tuseme hivyo.

Ilikuwa wiki ya maonyesho ya tafiti, ile ambayo wanafunzi wote wa uzamili hukumbuka kwa pamoja kwamba hawajachapisha bango. Nikapanga foleni na flashi mkononi. PDF, saizi ya A0, ile karatasi kubwa ya bango, fonti zimo ndani ya faili, kila kitu.

Bango likaanza kutoka, kichwa cha wino kinakwenda na kurudi, mimi nimesimama nimejaa tabasamu. Likafika kwenye grafu. Mstari wangu mwekundu, ambao ndio utafiti wenyewe, ukatoka njano. Si nyekundu iliyopauka, jamani. Njano ya ndizi mbivu. Na bluu yangu iliyokoza imekuwa ya anga.

"Kaka, samahani, rangi hazijatoka sawa."

Macho ya mhudumu wa dirishani hayakutoka kwenye simu. "Faili lako bovu, dada."

Nikamwomba alifungue kwenye kompyuta yake. Akafungua. Nyekundu hiyo hapo, inang'aa. "Skrini na karatasi ni vitu viwili," akasema. Kinachoniuma ni kwamba maneno hayo si uongo: skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, printa kwa wino, na huwa hazilingani sawasawa. Lakini nyekundu kugeuka njano? Printa inapata nyekundu kwa kuchanganya wino wa majenta, ile waridi iliyokoza, na njano. Majenta isipotoka, inabaki njano. Bluu nayo ni majenta na sayani, yaani bluu ya anga. Toa majenta, umebaki na sayani yako. Nikamweleza hivyo kwa upole, naapa ulikuwa upole.

"Kwani wewe fundi?"

Foleni nzima ikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachonifanya niandike. Karatasi ningesamehe.

Nikarudi jioni, zamu imebadilika, nikamkuta mama mmoja. Alilitazama bango mara moja tu. "Mwanangu, hii ni majenta imeziba." Akachapisha karatasi ya kupima matundu ya wino, ile yenye vijistari vya kila rangi. Nyeusi iko kamili, sayani kamili, njano kamili. Kwenye majenta, vijistari vitatu na weupe mtupu. Akaiamuru mashine isafishe kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili, vijistari vikarudi vyote. Hata robo saa haikufika. Bango la pili lilitoka hadi nikataka kulibusu. Mama akanizuia hata kulikunja, wino ukauke kwanza. (Nembo ilitoka na ukungu. Hiyo ni juu yangu, niliinyofoa kwenye tovuti ikiwa ndogo kama stempu.)

Kwa hiyo ukiniuliza jioni ile, ningekwambia nenda, huduma safi kabisa.

Kisha nikaangalia salio. Nimekatwa mara mbili, na A0 moja ni sawa na kurasa 16 za A4, si hela ya kusahau. Mama akasema kurudishiwa inawezekana, ila fomu lazima isainiwe na aliyekuwa zamu. Yaani yule yule. Na hapo ndipo hata mashine ilipoanza kuniudhi, maana mashine gani inakosa rangi nzima na inaendelea kuchapa mita nzima ya karatasi bila hata kulia?

Asubuhi nikaenda na ile karatasi ya vijistari. Akaitazama, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. "Si nilikwambia faili bovu?"

Nyuma yake printa ilikuwa imefunikwa isiingie vumbi. Imefunikwa na bango langu la njano, jina langu limeangalia mlangoni.