Joto chini ya boneti ya Land Cruiser: nunua nini kwanza

Wenye Land Cruiser 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ wana malalamiko yale yale: gari ikipanda ukingo wa Ngorongoro polepole, mshale wa joto nao unapanda, na waya zilizo jirani na ekzosi zinakauka hadi ganda kupasuka. Wengi hukimbilia rejeta mpya, ile inayopoza maji ya injini. Fungua boneti kwanza uangalie kava la feni, ile plastiki inayoizunguka. Kwenye gari nyingi halipo.

Maunti za injini, yaani vishikizi vya mpira vinavyoibeba, zikichoka, injini hushuka chini, na mapanga ya feni huanza kukwangua kava upande wa chini. Utaiona alama yenyewe, mkwaruzo uliopinda kama upinde. Badala ya kubadilisha maunti, fundi anang'oa kava na kulitupa. Kuanzia hapo feni inarudisha hewa moto ya injini badala ya kuvuta ya baridi kupitia rejeta yote, na kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa hakuna upepo wa kuisaidia.

Kwa hiyo namba moja ni kava, pamoja na maunti mpya kama za zamani zimechoka. Nusu ya upana wa mapanga iwe ndani ya kava, na nafasi ya pembeni iwe kama sentimita 2.5, sawa pande zote. Mianya ya kandokando ya rejeta izibwe kwa mpira, la sivyo hewa moto inazunguka mbele na kuvutwa tena.

Namba mbili, klachi ya feni, kile kifaa cha katikati kinachoiunganisha feni na injini. Nasema bila kupepesa macho: nunua ya chapa ya Aisin. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe bila ukinzani, imekufa. Vumbi lililogandana na mafuta karibu na springi ya katikati ni dalili ya kuvuja. Isiyovuja lakini imelegea hujazwa mafuta ya silikoni ya Toyota, yanayouzwa kwa vichupa vya mililita 18. Ila wauzaji wa vipuri wanakera! Klachi inatakiwa ihifadhiwe ikiwa imesimama, wao wanazilaza rafuni miezi na miezi, mafuta yanatoka, kisha wanakutoza bei ya kitu kizima na kukuambia mali ikitoka dukani hairudi. Iliyolazwa usiichukue.

Namba tatu inawahusu walioongeza turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, maana 1HZ kiwandani haina. Nunua blanketi la turbo, lifunike upande wa ekzosi tu. Bomba la ekzosi linaloshuka kutoka kwenye turbo lizungushiwe utepe wa kuzuia joto wa DEI Titanium, ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie mwenzake milimita 6. Ziba kwanza mivujo ya oili na dizeli: utepe uliolowa mafuta hushika moto. Ukilowa maji ya tope, bomba linaoza kwa kutu.

Matundu ya boneti yanafaa yakikatwa nyuma tu ya rejeta. Karibu na kioo cha mbele hewa inasukuma kuingia, haitoki. Kwa sababu hiyo hiyo, kuinua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma) kwenye bawaba ni kazi bure, na moshi unaweza kuingia kwa abiria.

Stika za foili za bei rahisi hubanduka gundi ikipata moto. Usinunue.